Mama Alipomwita Nimo Mara ya Tatu

Siku ya tatu ya Idi, mwanzoni mwa mwaka wa 1998, tulimpoteza mdogo wangu Nimo. Alikuwa na miaka saba, mimi kumi. Nalisema hili kwanza ili usije ukasoma ukitumaini.

Siku hizi naishi Garissa. Mto Tana unapofurika na kurudi nyuma, huacha madimbwi kwenye mashamba ya ndizi, na maji yale yakilala siku kadhaa hutoa harufu ya majani yaliyooza na tope lililopigwa na jua. Wenzangu huziba pua wakapita. Mimi husimama. Harufu ile hunirudisha Eldas kabla sijajiandaa.

Mvua za msimu ule zilipita kiasi. Sisi tuliozaliwa kwenye ukame tulifundishwa kuomba mvua, hatukufundishwa kuomba ikome. Mbuzi walikufa kwa ugonjwa uliokuja na mbu. Barabara ya Wajir ilikatika, na sukari ikakosekana hata siku ya Idi. Baba aliisifu sana chai ile ya maziwa ya ngamia isiyo na sukari, kikombe baada ya kikombe, mpaka mama akamsogezea na cha kwake. Hapo akanyamaza.

Baba alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali, na alipenda kuonyesha watu vitu. Alikuwa amesikia kwamba nyuma ya kilima kilicho kaskazini mwetu, saa mbili hivi kwa miguu, bonde lote limekuwa ziwa. Alisema watoto wake hawajapata kuona maji mengi namna ile, na huenda wasiyaone tena. Basi tukabeba mikate ya anjera, tende na kibuyu cha maziwa, tukaondoka asubuhi: baba mbele na fimbo yake, mama akimfuata na mdogo wetu wa kiume mgongoni, mimi na Nimo nyuma.

Kilima hakikuwa kigumu. Hata bibi yetu mwenye magoti mabovu angekipanda akipewa muda. Mawe yake yalikuwa meusi, yenye joto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa, na pimbi walikaa juu yake wakitutazama. Nimo aliwasalimia mmoja mmoja. Aliitikiwa na baba, kwa sauti nyembamba ya pimbi, na tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kule juu hatukucheka tena. Ziwa lilikuwa pana, rangi ya chai, wala halikutikisika. Migunga ilisimama ndani yake ikiwa imezama mpaka shingoni, na kwenye matawi yaliyobaki nje vilining'inia viota vya kwera, vingi, bila ndege hata mmoja. Mizoga ya mbuzi ilikuwa imesukumwa ukingoni. Vyura walilia wote pamoja, kisha wakanyamaza wote pamoja, kana kwamba kuna mtu aliyewainulia mkono. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa midomo tu. Baba, aliyetuleta tuone, alituonyesha kwa kunong'ona.

Hatukukaa sana. Baba alisema tutashuka upande wa ziwa, tuzunguke ukingo, tutokee kwenye njia ya ngamia.

Hapa inafaa nieleze jambo moja. Kwetu ngamia hawahesabiwi kwa sauti, wala watoto. Bibi alikuwa akisema kilichohesabiwa kimeshaonekana, na kilichoonekana kina mwenye kukitamani. Kwa hiyo mama akiwa njiani na watoto hakugeuka kutuhesabu. Alituita majina huku akitembea, nasi tukaitika, "Labbeey." Ukiitika, upo. Ilikuwa desturi nzuri, na ilitutosha miaka yote.

Nimo alikuwa ameona kiota kilichoanguka, kikielea karibu na ukingo. Alikitaka. Alinivuta gauni akanipa peremende yake ya Idi, ya mwisho, iliyokwisha kushika vumbi la mfukoni.

"Mama akiniita, niitikie. Nitawakuta kwenye ule mgunga uliopinda."

Nikamwuliza, "Na fisi akikula?"

"Akiitwa, mwitikie na yeye."

Nilijua kuiga sauti yake. Ulikuwa mchezo wetu wa nyumbani, na hata baba nilimdanganya mara nyingi. Nikatia peremende mdomoni. Nimo akarudi ukingoni, viatu vyake vipya vya plastiki vikilia kwenye tope. Sikugeuka kumtazama. Nilikuwa nashughulika na peremende.

Mama aliita jina langu, nikaitika. Akaita Nimo, nikaitika kwa sauti ya Nimo. Tukaendelea. Miiba ilikuwa mingi, kila mtu akitazama mguu wake. Akaita tena, nikaitika tena, mara mbili, kwa sauti mbili. Nilijiona hodari.

Tuliupita mgunga uliopinda. Nimo hakuwapo. Peremende ilikuwa imekwisha, na nilianza kuogopa.

Mama akaita mara ya tatu. Safari hii nilifungua mdomo ili niseme kweli. Kabla sijasema, jibu likaja kutoka nyuma yetu, juu ya maji, jembamba, lililovutwa.

"Labbeey."

Mama aliendelea kutembea. Mimi niligeuka. Njia ilikuwa tupu. Vyura walikuwa kimya. Nilitazama ziwa lote, kadiri nilivyoweza, na sikuona mtu.

Tulikuwa tumeambiwa tangu wadogo kwamba kwenye maji yaliyosimama hukaa wasioonekana, na kwamba huiga sauti ya mtu ili umfuate. Nani angejua hilo kuliko mimi, niliyetoka kuiga sauti ya mtu? Sikusema kitu. Nilikaza mwendo mpaka nikashika nguo ya mama, nikamganda hivyo hivyo, na mama hakuniuliza kwa nini.

Tulipofika kwenye njia ya ngamia baba alisimama ili tusali adhuhuri. Akatazama nyuma yangu, akasema, "Nimo yuko wapi?" Kisha akatupa fimbo akakimbia.

Wachungaji waliokuwa na ngamia wao karibu walimsaidia. Walimtoa Nimo majini kabla ya alasiri. Palikuwa na shimo la zamani pale ukingoni, la kuchota maji wakati wa kiangazi, na lilikuwa limefunikwa na ziwa. Alizikwa jioni ile ile kwenye mwinuko chini ya kilima.

Niliwaambia kuhusu sauti ya tatu. Mbili za kwanza nilizificha. Wanawake wakashika videvu wakasema ni jini, na habari ikaenda Eldas nzima, ikafika Wajir. Baba akaiamini kwa sababu ilimpa mtu wa kumlaumu. Mama, yeye, tangu siku ile alianza kutuhesabu. Jioni alitushika vichwa, mimi na mdogo wangu, akasema moja, mbili, kwa sauti, mbele ya watu. Majirani walimwonya. Bibi alimlilia aache. Hakuacha.

Niliiogopa sauti ile zaidi ya miaka ishirini. Nikiwa mtu mzima, na watoto wangu, bado niliogopa kuita mtu kwenye uwazi, nisije nikaitikiwa.

Mwaka jana mama aliletwa Garissa kutibiwa figo, akakaa kwangu. Alasiri moja tulikuwa wawili tu. Nikamwambia yote: peremende, mgunga, zile mara mbili. Nilisema nikiwa nimetazama mkeka.

"Mbili za kwanza zilikuwa zako," alisema. "Hooyo, ulidhani sikujua?"

Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama. Alikuwa hajaniita hivyo muda mrefu.

Alisema alitusikia, akadhani tunacheza, na wanaocheza pamoja wako pamoja. Nikamwuliza ile ya tatu ilikuwa ya nani.

"Ya Nimo. Nilijua imetoka mbali. Nikasema moyoni, amechelewa kidogo, atatufikia. Mtoto alikuwa akinililia mgongoni. Nikaendelea na njia."

Siku ile nilipogeuka nikaona maji matupu, mdogo wangu alikuwa mahali fulani nyuma ya ile migunga iliyozama, hai, ameitwa na mama yake, naye ameitika kwa adabu kama alivyofundishwa. Sisi wawili tulisikia. Mmoja alijua ni yeye, akasema atakuja. Mwingine alimdhania jini, akamkimbia. Na kila mmoja wetu alikaa miaka yote hiyo akidhani kosa ni lake peke yake, katika nyumba moja, tukila sinia moja.

Mama akaniomba maji ya udhu. Nilileta birika na beseni, nikammiminia, akaosha mikono, uso, miguu. Alisali ameketi. Mimi nilisimama nyuma yake kidogo, nikamfuata katika sala.