Farasi wa Kwenda Rungwa

Mume wangu alikuwa seremala wa kutembea. Hakuwa na karakana mjini. Watu walimfuata nyumbani kwetu Mwankoko, Singida, naye akaenda kwao na kazi akaifanyia huko huko. Siku hizo za Mwingereza wengi walikuwa wameanza kuchoshwa na tembe. Mwenye uwezo alibomoa paa la udongo, akainua kuta, akaezeka bati, na mlango wa fito ukapisha mlango wa mbao. Kazi haikukosekana.

Yeye alikuwa Mnyiramba, mimi Mnyaturu. Mwanzoni tulikuwa tukielewana kwa Kiswahili tu, kile cha kwetu cha bara, kisicho na madoido. Mama yangu aliishi jirani, na mume wangu alimheshimu mkwewe kama inavyotakiwa: alisimama mbali, akainamisha kichwa, akasema shikamoo, akaenda zake.

Vyombo vyake vya kazi vilikuwa sanduku moja la zana na farasi wawili. Asiyejua useremala ataniuliza farasi gani. Ni gogo lililochongwa, likawekewa miguu minne iliyotanuka. Fundi huweka wawili, akalaza ubao juu yao, ndipo akakata au akapiga randa. Wale wa kwetu walikuwa wa mti wa mkongo, wazito, wamekaa kama wameota ardhini. Mtu mzima alisimama juu yao akapigilia dari, wala wasitikisike. Tulipohama kazi tuliwafunga mgongoni mwa punda, mmoja huku, mmoja huku, na tukipita Utemini watu walitucheka: "Jamani, leo punda kambeba farasi!" Mume wangu alicheka nao kila mara, kama ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Nasema tulipohama kwa sababu nilikwenda naye. Sikuwa na mtoto bado. Nilipika, nilishika ncha ya ubao, nilikusanya maranda ya kuwashia moto. Niliyapenda maisha yale kuliko nilivyojua.

Kisha nikapata mimba, na mwaka huo huo fundi mkuu aliyemfundisha mume wangu kazi akamwita Rungwa. Kulikuwa na nyumba za serikali huko porini zilizoliwa na mchwa, milango, madirisha na kenchi za paa zote, na zilitakiwa zitengenezwe upya. Mwalimu wako akikuita huendi kuuliza maswali. Lakini punda hafiki Rungwa. Kule kuna mbung'o, na mbung'o humuua punda. Lori lilikuwa liwafikishe mafundi Itigi na vyombo vyao, na kutoka pale kila fundi abebe chake mwenyewe. Wajawazito nao hawakuwa na nafasi katika safari hiyo.

Basi akaanza kutafuta farasi wa kubebeka.

Wa kwanza aliwaunda kwa mbao za masanduku ya mafuta ya taa. Walikuwa wepesi kweli, ungemnyanyua mmoja kwa vidole. Kaka yangu alipita asubuhi kutusalimia, akamkalia mmoja bila kujua, mguu ukasema ka! Akajikuta chini, kofia huku, fimbo kule.

"Shemeji," akasema akijipangusa vumbi, "hivi ni viti vya wachawi?"

"Ni vya Rungwa," mume wangu akamjibu.

"Basi Rungwa hutafika navyo."

Mume wangu aliwapasua wote wawili wakawa kuni. Akakaa siku kadhaa bila kuchonga kitu, akiwatazama wale wa mkongo kana kwamba watampa jibu. Halafu akachukua mbao za mninga, akazipasua nyembamba, akaunda miguu miwili miwili kama ngazi fupi. Juu akaiunganisha kwa bawaba, ili farasi aweze kufunguka na kukunjwa. Chini akafunga kamba kutoka mguu hadi mguu, ili isiendelee kutanuka ikibeba mzigo. Kila alipomaliza jambo alimsukuma farasi kwa ubavu, akatega sikio. Ukisikia mbao zinalia, alisema, maungio hayajashikana. Alipunguza kimo hadi kikawa cha pajani, kwa maana fundi anayekata kwa mkono lazima aukandamize ubao kwa goti.

Siku waliyokamilika aliwasimamisha uani, akaweka ubao, akaniita.

"Njoo ukae."

"Mimi? Na hili tumbo?"

"Kwa sababu ya hilo tumbo. Wakikubeba wewe na mwanangu bila kulia, nimemaliza."

Nikakaa. Hawakulia. Upepo wa Singida ulikuwa ukivuma na maranda yalikuwa yakikimbia uani kama vifaranga. Yeye alikuwa amechuchumaa anatazama miguu ya farasi, wala hakunitazama mimi.

"Chukua wale wa mkongo," nikamwambia.

"Wale wazito? Nitafikaje nao?"

"Ndiyo hivyo. Usifike."

Alianza kucheka, kisha akaacha. Akaweka mkono juu ya goti langu, jambo ambalo hakuwahi kufanya uani, mchana, mama yangu akiwa karibu. "Nitarudi kabla ya mavuno," akasema. Akawakunja farasi, akawafunga pamoja, akawabeba begani hadi Utemini na kurudi, kujaribu. Nilimwona akirudi kwa mbali anatembea kama mtu asiyebeba kitu, nikajua atafika.

Aliondoka mvua za kwanza zilipolowesha ardhi.

Sikujua kwamba nyumba inaweza kuwa kimya kiasi kile. Nilikuwa nimezoea kuamshwa na randa. Sasa nilisikia kuku tu, na mama akipekecha mboga kwake. Watu walikuja na milango iliyopinda, nikawaambia fundi hayupo, wakarudi nayo. Wale farasi wa mkongo nikawalazia ubao, nikaanikia uwele, na jioni niliukalia ubao huo, nikiangalia njia ya Manyoni aliyoondokea. Mama aliniona, akaja akakaa pembeni yangu.

"Mwanangu, njia haiitiki kwa kutazamwa."

"Najua, mama."

Lakini hakuniambia niondoke. Tulikaa wote wawili mpaka baridi ikaingia.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Baada ya arobaini wakapita wauza asali waliotoka upande wa Itigi, na mmoja wao akaulizia nyumba ya fundi wa Kinyiramba. Nilimkaribisha maji.

"Mumeo anakusalimu," akasema. "Anasema farasi wamefaa sana. Ila kamba zimeliwa na mchwa, ametia za magome ya miti."

"Haya. Na nini tena?"

"Basi."

Nililia kwa hasira. Miezi yote hiyo, na habari iliyonifikia ni ya kamba! Yule mtu akaona haya. Alikuwa ameshafika kwenye njia, akageuka. "Samahani, mama, nilisahau. Aliniambia nikuulize ni mtoto gani, nikirudi nimwambie. Alinifuata mwendo mrefu kuniambia hilo."

"Mwambie ni mwanamume," nikasema. "Mwambie ana masikio yake."

Uwele ulivunwa, hakuja. Alikuja majani yamekwisha kukauka, kachakaa, shati limemning'inia kama kwenye mti. Mgongoni alikuwa na sanduku la zana peke yake. Nilitaka kumkimbilia, lakini mama alikuwa uani, hivyo nikasimama na mtoto mkononi nikasema tu, "Umefika."

"Nimefika."

"Farasi wako wapi?"

Akakaa chini ndipo akaeleza. Kazi ilipokuwa inaelekea mwisho fundi mkuu alishikwa na homa iliyomwondolea akili. Hapakuwa na gari, na pale alipo angekufa. Mume wangu aliwatenganisha wale farasi kwenye bawaba, akafunga miguu yao kwenye miti miwili mirefu, akatandika blanketi. Wakambeba hivyo kwa zamu, yeye na wenzake, msitu baada ya msitu, hadi Itigi. Mzee akapandishwa treni kwenda hospitali ya Tabora, akiwa amelazwa juu ya mbao zile zile. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa. Baadaye tulisikia kwamba alipona, ingawa hakushika msumeno tena.

Nilidhani siku hiyo hamu yangu ingekwisha. Mtoto alimlilia kama mgeni, akazoea kidogo kidogo mpaka akawa analala kifuani pake. Lakini mume wangu alikuwa amerudi nusu. Akiwa anakula alisema ghafla, "Kule asubuhi unasikia nyuki kabla ya ndege." Au, "Miti ya kule imesimama tu, haina mwenyewe." Nikaelewa kwamba nilipokuwa nikimlilia, yeye alikuwa amepata kitu ambacho mimi sikukiona, na sasa anakililia. Siku moja nikamwambia, "Ukienda tena kazi ya mbali, tunakwenda sote."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mgongo wangu."

Akaunda farasi wengine wa kukunja. Tukaenda Iramba kwa ndugu zake, tukaenda Mkalama, mtoto mgongoni, na baadaye watoto. Rungwa yenyewe hatukuwahi kufika pamoja. Kila mwaka tulisema mwakani.

Alifariki kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Mwanangu mkubwa ni dereva, naye juzijuzi aliniambia kwamba akipata mzigo wa upande ule atanipitisha Rungwa nikaone. Nimemwambia anipitie usiku, tufike alfajiri, nyuki wakisikika kabla ya ndege.