Filamu Aliyoogopa Kuituma

Yekoniya hakai. Miaka mitatu tumelala chumba kimoja cha walinzi hapa Jebel Ali, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na sijawahi kumwona ametulia hata kwa muda wa kumaliza chai. Huzunguka, huongea peke yake, hufungua mlango na kuufunga. Mwanzoni nilidhani ana wazimu. Kumbe ni mwigizaji.

Kampala aliigiza jukwaani miaka tisa, na kwa lile tumbo na ile sauti, kila mchezo walimpa ufalme. Ukumbi ulipofungwa akaja Dubai kulinda ghala la matairi. Ila kuigiza hakuacha. Watu wa kwao Busia, upande wa Uganda, wakimpigia simu ya video, alijipenyeza ofisini kwa Sir Badawi, msimamizi wetu, akakalia kiti chake na kuanza: "Subirini kidogo, natia sahihi." Nyumbani wakamwita Meneja. Nilimwambia aache ujinga huo. Akanicheka.

Kisha akaanza kutengeneza filamu kwa simu, za kejeli tupu. Ya kwanza ilimhusu msimamizi anayewapimia walinzi muda wa kukaa chooni. Sir Badawi aliitazama akacheka mpaka machozi, akauliza, "Huyu mjinga ni nani?" Siku za mapumziko tuliigiza, Fauziya wa usafi akiwa madam, mimi nikiwa mlango. Ndiyo, mlango. Yekoniya alisema sina kipaji cha kitu kingine.

Mwezi wa sita mdogo wake Ronnie, mwalimu wa shule ya msingi huko Busia, akaandika kwamba anaacha kazi. Anakuja Dubai, kaka atamtafutia nafasi ofisini kwake. Yekoniya alisoma ujumbe ule mara nne, na chakula hakukigusa.

"Mpigie umwambie ukweli," nikasema.

"Nitamwambiaje, Lawrence? Mama alishatangaza kanisani kwamba mimi ni meneja."

"Kwa mdomo."

"Hapana. Nitamtengenezea filamu."

Nilikasirika, nakiri. Kazi ya mtu iko hatarini, yeye anatafuta mwanga mzuri! Wiki mbili akahangaika na filamu ya dakika nane, ya mlinzi anayeiba kiti cha bosi ili awadanganye watu wake. Nayo ilikuwa nzuri kuliko zote. Pale mlinzi anapofanya mazoezi ya sahihi kwenye boksi tupu, mimi nililia. Lakini kutuma hakutuma. Alibadilisha mwisho, akaurudisha, akaukata tena. "Bado kidogo," alisema kila siku.

Asubuhi moja, tukiwa zamu getini, nikachoka. "Tuma, khalas, yatosha!" Nikampokonya simu nikaituma mwenyewe. Tulikaribia kupigana.

Baada ya dakika kumi ikaja sauti ya Ronnie, anacheka hadi anakohoa. "Kaka, umetuua! Meneja mzima unajifanya askari! Hizo buti umeazima wapi?"

Yekoniya akampigia papo hapo, jua linatuchoma, sare imelowa jasho. "Ronnie, ni kweli. Mimi ni mlinzi."

"Endelea, kaka! Hiyo sauti ya kilio, iweke tena!"

Alikuwa analia kweli. Akanikabidhi simu. "Mwambie wewe. Wewe hujui kuigiza."

"Ronnie," nikasema, "mimi ni Lawrence wa Kakamega. Nalinda ghala na kaka yako. Ofisi hana, hajawahi kuwa nayo."

Kicheko kikakatika. Nyuma yake nikasikia kelele za watoto wa shule. Kisha akasema, "Barua ya kuacha kazi nimeiacha mezani kwa mwalimu mkuu asubuhi hii. Alikuwa hajafika."

Yekoniya akanyakua simu. "Basi kimbia! Ronnie, kimbia ukaitoe!"

Simu ikabaki wazi. Tukasikia viatu vikipiga changarawe, pumzi, kisha mlango, na sauti ya mwanamke: "Mwalimu Ronnie, hii barua yako ni ya nini?"

Nilihesabu magari mawili yakipita getini.

Halafu Ronnie akacheka. Kicheko chepesi, cha mtu asiye na shida duniani. "Ah, madam, na wewe umeamini? Ule ulikuwa mzaha tu."

Yekoniya alifumba macho. "Anaigiza," akasema. "Nimemfundisha mimi."