Moshi Ndani ya Maziwa ya Ngamia

"Mia sita silipi! Maziwa yananuka moshi, huu ni uchafu!" alifoka mwalimu aliyehamishiwa Garissa juzi, kwenye dirisha la ushirika wa akina mama. Foleni ikaanza kutawanyika, na kwa joto letu maziwa hayangoji kesho. Nusura nimfokee mimi niliyekuwa nikipima maziwa hapo dirishani.

Mama muuzaji alileta mtungi mtupu, akatia kijiti kinachofuka moshi, akafunika. "Hivi ndivyo tunavyozuia maziwa yasiharibike njiani, wallahi." Akampa kikombe cha maziwa. "Onja."

Akaonja, akaomba kikombe kingine. Foleni ikarudi, nami nikashusha pumzi. Kuonja kabla ya kufoka kungemgharimu nini?

Akalipa. Mama hakusogea.

"Mwalimu, umeniita mchafu mbele ya watu. Sasa niombe msamaha."