Hamira na Ua la Buluu

Kule kiwanda cha mikate walimwita Hamira, kwa sababu ukimtania kidogo tu, anaumuka. Kazi yake ilikuwa kukanda unga usiku, na jua likishachomoza ndiyo anarudi nyumbani, nyusi nyeupe kama za babu wa watu.

Mkewe alishona kwenye kiwanda cha nguo, mbali huko. Yeye anatoka alfajiri na kurudi giza linaingia. Basi hao wawili wakawa watu wa kupishana: huyu akiingia, yule ameshatoka, kitanda hakipati hata nafasi ya kupoa. Jioni wanaonana kidogo, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nitakula."

Ndiyo ndoa hiyo.

Jioni moja mke akasema, tena bila kugomba, na hapo ndipo Hamira alipoogopa: "Nimeongea na dada. Ana chumba kitupu, na kwake ni pua na mdomo na kiwandani. Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kunichukua."

"Unaniacha?"

"Nikuache vipi? Kwani tuko pamoja?"

Hamira akaenda kazini. Alivyoupiga unga siku ile, msimamizi akamuuliza kama anakanda au anagombana na mtu.

Asubuhi, akirudi, akakatiza nyuma ya ukuta wa uani kwao, pale maji ya mifereji yanapotuama. Chini, kati ya majani, kulikuwa na maua madogo ya buluu. Akasimama. Zamani, wakati anamfuatafuata mkewe, enzi hizo binti tu, walikuwa wanapita njia iliyojaa maua haya. Binti alikuwa bado anajifunza cherehani. Alichuma moja, akalichomeka sikioni, akasema, "Rangi hii hakuna kitambaa kinachoiweza."

Hamira akaamua: atalipanda mlangoni. Akirudi mkewe, alikute. Yeye maneno matamu hayamtoki, basi ua limsemee.

Siku ya kwanza aling'oa kwa haraka, usingizi umemjaa, akapanda kwenye kopo tupu la mafuta la kazini. Bibi wa chumba cha pili, mwenye ufagio wake usioachana na mkono, akaja kuchungulia.

"Mjukuu wangu, hizo nyasi umezipanda kwa heshima zote hizo, nani kakutuma?"

Kweli, zilikuwa nyasi, tena zile za kunasa kwenye suruali. Akarudi nyuma ya ukuta, safari hii akachuchumaa. Akaanza kulijua. Shina linatambaa, lina vifundo. Jani ni pana, chini yake linalikumbatia shina, na hapo kwenye kumbatio kuna vinywele vyekundu. Ua lina masikio mawili makubwa juu na kijisikio kimoja chini. Linatokea kwenye kijifuko kama mfuko wa shati, na ukikiminya, kinatoa tone la utelezi kama bamia. Nyasi hazina mambo hayo.

Akakata vipande vyenye vifundo, akavilaza kwenye udongo. Kulima hajui, anajua unga. Akavifanyia vilevile: maji ya uvuguvugu, kivulini, juu kitambaa kibichi. Mkewe akakifunua jioni.

"Siku hizi unakanda na mlangoni?"

"Ngoja utaona."

Vifundo vikatoa mizizi upesi, majani yakajaa kopo. Kisha asubuhi moja akakuta maua matatu, ya buluu kabisa, yanamtazama. Nusura aamshe nyumba nzima. Akalala anacheka peke yake.

Jioni akamwahi mkewe hata kabla hajatua mkoba. "Umeliona ua?"

"Ua gani?"

"La buluu, hapo mlangoni!"

Mke akatoka na tochi ya simu. Akarudi. "Mume wangu, hayo ni majani."

"Asubuhi lilikuwepo!"

"Labda nalo limeenda kazini."

Kesho ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Hamira akamvaa bibi jirani kwamba anachuma maua ya watu. "Niyale?" bibi akamuuliza. "Kwa meno gani?" Mkewe naye akaacha kucheka. Jioni ya Jumamosi akasema, "Kama hutaki niende, sema hutaki. Usinisimulie maua kama mtoto."

Hamira akaumuka. "Nenda, basi!" Akabamiza mlango, akaondoka.

Jumapili, ndiyo ile ya mwisho wa mwezi, alirudi miguu mizito. Jumapili nyingine mkewe hulala mpaka mchana, maana wiki nzima imemmaliza. Leo alikuwa ameketi kizingitini, mfuko umefungwa kando yake, macho kwenye kopo. Maua yalikuwa manne.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia jioni. Jioni hayapo." Akasogea kumpa nafasi. "Ingia ukalale, umechoka."

"Silali."

Wakaketi. Hamira alikuwa hajawahi kuuona mlango wake saa zile. Kila siku mchana unamkuta anakoroma. Jua likapanda. Karibu na adhuhuri yale masikio yakaanza kulegea, yakajikunja, yakarudi ndani ya kijifuko, moja baada ya jingine. Yakabaki majani matupu.

"Haa!" Hamira akashika kichwa. "Na mimi nimemwita bibi wa watu mwizi!"

Mke akacheka mpaka akashika mbavu. Akaendelea kucheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, akajifuta macho.

Hamira akatazama chini. "Sitaki uende."

"Hilo ndilo nilikuwa nangoja. Si ua."

"Kesho nitaomba zamu ya mchana. Kufunga mikate."

Mke akamgeukia. Wakandaji wote wanaicheka kazi ya kufunga mikate, na yeye Hamira alikuwa wa kwanza kuicheka. "Watakusema."

"Waseme. Usiku nitakuwa hapa."

Hapo dada mtu akatokea uani, jasho linamtiririka. "Shemeji! Uko macho mchana? Kuna msiba?"

"Hakuna, shemeji. Karibu."

"Dada," mke akasema, "nisamehe. Siendi tena."

Dada mtu akautazama mfuko, akawatazama hao wawili walivyobanana kizingitini. "Nimepanda magari mawili, sirudi bila kubeba kitu," akasema. Akauinua ule mfuko, akawaruka, akaurudisha ndani.