Ng'ombe za Mahari ya Kaini

Juzi Bunda, mkoani Mara, kwenye duka la dawa za mifugo, mama muuzaji alimuuliza katekista aliyefuata dawa ya kuku: "Mwalimu, hivi Kaini alioa nani, wakati dunia haikuwa na watu?"

Katekista akakohoa. "Alioa dada yake. Enzi hizo Mungu aliruhusu."

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Mzee mfugaji aliyekuwa anatikisa chupa ya dawa ya kupe akaacha kutikisa, akauliza:

"Na ng'ombe za mahari alipelekaga kwa nani?"

"Kwa baba wa binti. Adamu."

"Alizitoa wapi?"

"Kwa baba yake... Adamu."

"Yaani zitoke zizini kwa Adamu, zizunguke nyumba, zirudi zizini kwa Adamu?"

"Mzee wangu, Kaini alikuwa mkulima tu. Mwenye mifugo alikuwa mdogo wake, Abeli."

Mzee akaitua chupa kaunta, taratibu. "Huyo aliyemuua?"

"Ndiyo."

"Sasa mwalimu, si ungeanzia hapo!"

Miaka yote nimehubiriwa kwamba Kaini aliua kwa wivu wa sadaka. Huku Mara tumeshafunga upelelezi: kijana alitaka kuoa.