Mtoto Aliyeacha Sindano

Nilipokuwa kijana, maji tulikuwa tunayachimba mtoni. Mto mkavu, mchanga mtupu, lakini ukichimba mpaka mkono unazama hadi kiwiko, maji yanakuja yenyewe, tena baridi. Mama yangu alikuwa anafukia kibuyu cha uji hapo asubuhi, na sisi tukichoka na mbuzi wakati wa jua kali tunaukuta umepoa. Mbuzi hao walikuwa na beberu mmoja wa pembe moja, msumbufu ajabu, lakini huyo tumwache.

Nimekumbuka mchanga kwa sababu ya msichana wangu, kitinda mimba. Miaka ya tisini, tukikaa upande wa Mitaboni, alianza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, anakula vizuri na bado anakonda. Siku moja akaanguka akitoka shule. Hospitalini daktari akasema ni sukari. Nikabisha: sukari si ya wazee wenye matumbo? Akanieleza polepole, maana mimi shule niliionea mlangoni tu. Mwili wa mtoto huyu umeacha kutengeneza insulini, dawa ambayo wewe na mimi tunajitengenezea bila kujua. Hakulogwa, wala si peremende. Atadungwa kila siku maisha yake yote. Akiacha, atakufa.

Sasa insulini inataka baridi, na sisi friji tungeitoa wapi? Stima yenyewe haikuwa imefika. Ndipo nikakumbuka ule uji. Nikaleta mchanga wa mto, nikajaza nyungu kubwa, nikazamisha nyungu ndogo katikati, chupa ya dawa ndani, na kila asubuhi nikawa naulowesha mchanga. Nesi aliposikia akasema, "Hapo sawa, baba, ila iwe kivulini."

Majirani ndio walituchosha. Mtoto akitetemeka, jasho likimtoka, sukari ikiwa imeshuka mno baada ya sindano, tunamkorogea maji ya sukari haraka, kama tulivyofundishwa. Wao wanashika kiuno: "Mgonjwa wa sukari mnampa sukari? Mnataka kumzika?"

Mama yake alichoka kuona mapaja ya mtoto yamejaa alama. Akiwa Muthetheni, sokoni, akakutana na mzee muuza mizizi, akamwalika kwetu. Mzee akaja na koti zuri kuliko langu la kanisani. Akakaa, akapewa chai, akasema, "Dawa yangu haitaki kuchanganywa. Kuanzia leo sindano iachwe."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama nyungu.

Msichana akatoka jikoni, sindano mkononi. "Mzee, kuna mtoto wa sukari kama yangu aliyeacha sindano akapona?"

"Wako wengi, mwanangu."

"Sitaki wengi. Niletee mmoja tu nimsalimie. Mpaka nimwone, mimi najidunga."

"Wee! Mdomo huo umeutoa wapi?" mama yake akamkemea.

"Mwaitu, mama yangu, mguu ni wangu."

Mzee akacheka, akasimama, akajipangusa koti. "Yuko mmoja hapo tu, ng'ambo ya bonde. Hebu nimlete. Chai yangu msiimwage."

Msichana akaketi kwenye kigoda, akajidunga. Mama yake hakumzuia. Alichukua kisahani, akakifunika kikombe cha mgeni. Mimi nilisimama mlangoni nikimwangalia yule bwana akipita kando ya mbaazi zetu, akishuka bondeni bila haraka, mikono mfukoni. Hakurudi.