Kiroba cha Kuzuia Gurudumu

Mdogo wangu wa kiume alilipenda gari lake kupita kiasi, na mimi dada yake sikumficha. "Siku ukioa," nilimwambia, "mkeo atalala nje na hiyo pikapu italala ndani." Alikuwa akicheka tu. Alibeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka mashimoni, upande wa Geita, mpaka kwenye mashine za kuyasaga. Njia yenyewe ni miteremko mitupu, na masika tope liliingia kwenye dramu za breki za nyuma mpaka zikawa hazishiki. Mama yetu, aliyeko Mhunze, alikuwa hapati usingizi kila wingu likitanda.

Akaamua kufunga breki za diski. Alikwenda kwa fundi mmoja Kahama, jirani na ninapouzia mchele, kwa hiyo nilishuhudia. Fundi alizitoa dramu, akachomelea mabano ya chuma, akafunga diski na kalipa za kuzibana, alizotoa kwenye gari jingine. Tulipoijaribu barabarani, pikapu ilisimama palepale, nusura nigonge kioo kwa paji la uso. Nilifurahi, sidanganyi.

Fundi akatuonya. "Kaka, hendibreki yako ilikuwa inashikia ndani ya dramu. Hizi kalipa hazina pa kuifunga. Ukisimama mlimani, weka jiwe."

"Mawe ndiyo ninayobeba," mdogo wangu akamjibu, tukacheka wote.

Ila machimboni jiwe halikai chini. Kina mama wanaookota mabaki huponda kila wanachokiona, huenda kina chembe ya dhahabu. Aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, likaokotwa. Akaweka jingine, nalo likaenda. Mwishowe akajaza kiroba mawe mabovu, akakishona mdomo, kikawa ndicho cha kuzuia gurudumu. Wapakiaji wake wote walikijua. Na kwa kuwa gia ya gari lile ilizoea kuchomoka yenyewe, kiroba kile ndicho kilichokuwa kimeshikilia kila kitu.

Siku ile mpakiaji mmoja alikuwa mgeni. Sikuwapo, wenzake ndio walionisimulia. Pikapu ilikuwa imejaa, imesimama mlimani, mkia ukielekea bondeni, na mdogo wangu yuko nyuma yake anakaza kamba. Mgeni akaona kiroba kimebaki chini. Kiroba cha mawe ni jasho la watu. Kukisahau ni hasara, na kukinyamazia ni wizi. Akakivuta ili akipakie, gia ikachomoka, pikapu ikarudi nyuma.

Diski zilikuwa nzima kabisa. Hapakuwa na mguu wa kukanyaga breki.

Tulimzika Mhunze. Watu wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Niliwaitikia kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika, na mpaka leo sijapoa. Majiko yalipopungua, mama akawaelekeza wapishi nyuma ya nyumba, kwenye vyuma viwili ambavyo mwanawe alimletea awe anapikia kwa mkaa. Nilivitambua hata kabla havijawekwa chini. Zilikuwa zile dramu za nyuma. Wakatia mkaa, wakateleka maharage.

Yule mpakiaji alikuja. Alipiga magoti mbele ya mama, suruali yake ingali na vumbi la safari.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyekitoa kile kiroba. Nilidhani amekisahau."

Nilitaka mama amfukuze. Nilitaka sana, tena mbele za watu. Mama alimtazama, akasema, "Marahaba." Akanigeukia mimi. "Mpakulie." Akamwambia yule kijana, "Ng'wanawane, kaa ule." Mwanangu, alimwita, kwa Kisukuma chetu kilekile alichomwitia marehemu.

Nikampakulia maharage. Alikula huku analia. Hasira yangu ilikosa pa kwenda, nikabaki nimechutama pale, nachochea mkaa ndani ya kile kitu ambacho kingeachwa kwenye gari, mtu yeyote angeng'oa viroba vyote na lisingetikisika.

Mama bado anapikia majiko yale. Kila akiwasha humsifu mwanawe kwamba alimchagulia chuma kizuri, kinachotunza moto. Hajui kilikuwa kinafanya kazi gani kwenye gari, na mimi sitamwambia.